Bi Kioo, Msomaji wa Mawe Yaliyofutika

Huyu tunayemsindikiza leo, ambaye karibu kila mtu hapa alimwita Bi Kioo, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa stesheni na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba binti huyu alitoka macho kodo, akiwatazama waliokuwemo chumbani kana kwamba wao ndio waliozaliwa.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwao mwaka 1958, na akamaliza kidato cha nne katika sekondari ya wasichana mwaka 1969. Siku ya picha ya darasa alifungua mgongo wa kamera ya mwalimu wa sayansi, aone watu wameingilia wapi. Filamu nzima ikaungua kwa mwanga. Adhabu yake ilikuwa kufagia chumba cha kusafishia picha muhula mzima. Muhula ulipokwisha, alikataa kurudisha ufagio.

Januari 1970 shangazi yake alimwajiri katika studio yake ya picha, barabara ya sokoni, chumba chenye kiti kimoja cha kuzunguka na pazia la bluu. Mwaka 1983 shangazi alimkabidhi ufunguo, studio ikawa yake. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, ni kwenye kiti hicho cha kuzunguka alipoketi fundi redio aliyetaka picha ya kitambulisho, akapepesa macho mara kumi na moja.

"Kaka, hebu tulia."

"Mimi nimetulia, dada. Macho ndiyo yamekosa adabu."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu. Katika picha ya harusi, bwana harusi amefumba macho.

Agosti 1994 ikaja barua. Mwalimu mstaafu, mgonjwa na aliye mbali, aliomba atafutiwe kaburi la mama yake katika makaburi ya zamani nyuma ya stesheni, alione japo kwa picha. Bi Kioo alitafuta siku nne. Jiwe lilikuwepo palepale palipotajwa, lakini lilikuwa limelika, laini kama kipande cha sabuni, bila herufi kuonekana. Siku ya tano alikwenda na mumewe, na kioo walichokuwa wamekibandua kwenye kabati lao la nguo.

"Kiinamishe kidogo. Mwanga upite ubavuni."

Jua likateleza juu ya jiwe, vivuli vikaingia kwenye mikwaruzo, na herufi zikaanza kujitokeza, moja, mbili, jina zima!

"Anasomeka!" alipiga kelele. "Baba watoto, anasomeka!"

Mchimba kaburi aliyekuwa upande wa pili alitupa jembe akatimua mbio mpaka getini.

Tangu hapo hakushikika. Kila Jumapili alasiri, miaka kumi na saba, alikuwa makaburini: makaburi 1,126, kila moja picha mbili na maelezo yake daftarini. Alirudi na matope magotini, akianza kusimulia kabla hajavua viatu. Wakubwa, alisema, wamejaziwa vyeo mpaka jiwe limekosa nafasi ya kusema walikuwa watu wa namna gani. Aliyemteka moyo ni mpishi aliyezikwa mwaka 1911, ambaye wenzake walimchongea mstari mmoja tu: *Alitusubiri tuliochelewa.* "Huyu," alisema, "ningependa kukaa naye meza moja."

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba makaburi yale yatasawazishwa, yawe maegesho ya magari. Rejesta ya waliozikwa ilikuwa imeoza kwa maji ya paa bovu. Kwenye mkutano wa tarehe 22 Juni, ofisa alisema hakuna ajuaye nani amelala pale. Marehemu akasimama. Alikuwa amekuja na albamu zake kwenye toroli. Akaanza kusoma majina.

Alipofika jina la thelathini na saba, mshona viatu aliyekaa nyuma aliinuka. "Rudia hilo! Huyo ni babu yangu!" Kisha mama mmoja. Kisha vijana wawili ambao hata hawakujuana, kumbe ni ndugu. Ukumbi ukachangamka, watu wakisimama juu ya viti.

"Mama," ofisa akauliza, "umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Bado kurasa ngapi?"

"Mia mbili na kumi na sita."

Ofisa alifunga faili. Tarehe 30 Septemba mpango ulifutwa, na mwaka uliofuata makaburi yakajengewa ukuta.

Kisukari kilianza kumfifisha macho mwaka 2017. Akawa anasoma mawe kwa vidole, na mara nyingi alipatia. Machi mwaka huu figo zilidhoofika, akalazwa. Binti yake alimuuliza kwa upole angependa jiwe lake liandikwe nini. "La kuandika mtajua wenyewe," alisema. "Ila chongeni kwa kina." Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, kaka yake mkubwa, na kitinda mimba wao, ambaye leo ndiye anayepiga picha, kwa mara ya kwanza bila kuelekezwa na dada yake asogee kushoto.

Apumzike, na amani imfunike.