Swali la Arobaini na Saba

Kijiwe chetu cha Nyahanga, hapa Kahama, ni benchi moja la mninga lililoegemea ukuta wa duka la dawa za mifugo, birika la Mama Generosa katikati, hoja pande zote. Pale hakuna jambo lisilojulikana. Kama hujui, kaa ueleweshwe. Ukieleweshwa vibaya, shauri yako. Novemba hiyo ya mwaka tisini na tisa, benchi zima lilikuwa na kazi moja tu: kumwandaa Fundi Herman. Alfajiri ya kesho yake alikuwa apande basi la kwenda Nairobi kufanya mtihani wa kusimamia kompyuta zinazoendeshwa na Linux, ile programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua bure, kuifungua na kuirekebisha. Mgodi mpya ulishamwambia: leta cheti kabla ya Krismasi, kiti cha chumba cha kompyuta ni chako. Akikikosa, anarudi kwenye redio mbovu, na redio mbovu siku hizi watu hawatengenezi, wananunua nyingine. Miaka arobaini na moja si umri wa kuambiwa jaribu tena mwakani.

Mwanzoni Herman alisoma vizuri, tena kwa mikono yake. Pritesh, mwenye duka la vifaa vya ofisi, alikuwa akimwachia kompyuta yake kila mchana. Ulipofika mwezi wa saba Pritesh akaihitaji kwa kadi za harusi, na harusi za Kahama, wee, haziishi. Herman akabaki na kitabu cha maswali mia mbili na hawa marafiki.

— Swali la arobaini na sita? aliuliza Dokta, kitabu mkononi. Huyu ndiye mwenye duka la dawa. Udaktari wake unaishia kwenye kwato.

— B, Herman alijibu.

— Sahihi. Arobaini na saba?

— C.

— Sahihi! Jamani, huyu mtu ni hatari.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Dokta kilitosha kusoma namba ya swali na herufi ya jibu. Tangu mwezi wa nane walikuwa hawajavuka namba na herufi. Herman alikuwa ameshapata mia mbili kwa mia mbili mara tisa mfululizo.

— Mimi kuna kitu hakijaniingia, alisema Karati, mchimbaji wa zamani aliyegeuka dalali wa dhahabu. Hicho kitu cha bure, mwenyewe nani?

— Hakina mwenyewe, Herman alisema. Watu wa dunia nzima wanakitengeneza pamoja. Kila mtu anaona ndani.

— Duara, yaani shimo la dhahabu, lisilo na mwenyewe! Niliwahi kuliona moja kule Runzewe. Kila mtu anashuka, kila mtu anapandisha mawe. Unajua mwisho wake?

— Liliporomoka, Dokta alisema.

— Halikuporomoka. Ndicho kilichotutia hofu, tukakimbia.

— Basi mimi nakwambia hicho ni chambo, Dokta alisema. Mwaka elfu mbili huo unaingia. Kompyuta za kulipia zote zinakufa usiku mmoja, inabaki ya bure. Hapo ndipo mwenyewe anajitokeza, na suti yake.

— Ndio hao hao waliochelewesha mvua, Karati alisema.

— Mvua nayo inaingiaje hapo? aliuliza Mama Generosa.

— Si nayo ni ya bure, mama?

Mama Generosa akamimina kahawa.

— Wewe Herman usiogope, Dokta alisema. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Hiyo si ya kumtia mtu moyo, Mama Generosa alisema.

— Inategemea ngazi, mama, Dokta alijibu.

Herman alicheka nao.

Hapo akafika mwanamke mmoja na begi lake, mwalimu Paskazia, aliyehamishiwa upande wa Bukombe. Basi lake lilikuwa limepata pancha.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu, Karati alimwitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. Karibu kahawa.

Alikaa, akanywa, akasikiliza. Swali la hamsini, A. La hamsini na moja, D. Sahihi, sahihi.

— Samahani, kaka, alimwambia Herman. Lile la arobaini na saba nimesikia ni C. Lenyewe linauliza nini?

Karati alimtazama Dokta. Dokta alikitazama kitabu.

— Linauliza C, Dokta alisema.

— C si ndiyo jibu?

— Ndiyo. Kwa hiyo ni miongoni mwa maswali ya C. Kitabu kizima yako hamsini na moja.

— Mwalimu, Karati aliingilia, ukishaipata dhahabu, unauliza tena jiwe lake lilikuwa na sura gani?

— Nikitaka kupata nyingine, nauliza.

Wote wakamgeukia Herman. Herman alilitafuta lile swali kichwani, akakuta herufi zote mia mbili zimekaa kwa mpangilio, na hakuna hata moja iliyojua ilikotoka. Mwezi wa saba alikuwa analijua, hilo alikuwa na uhakika nalo. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na hofu ikafuata nyuma yake. Huko Nairobi hawatamuuliza namba.

— Basi lako linaondoka saa ngapi, mwalimu?

— Fundi pancha anasema bado nusu saa. Na saa moja iliyopita alisema hivyo hivyo.

— Pokea kitabu. Nisomee swali la kwanza, lote. Herufi zifunike.

Paskazia alisoma taratibu kwa Kiingereza, kisha akalirudia kwa Kiswahili:

— Mashine imekuwa nzito. Utajuaje ni programu ipi inayoielemea, na utaisimamishaje hiyo peke yake, bila kuizima mashine nzima?

Herman alifungua mdomo. A ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akaimeza.

— Sijui, alisema.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa pale, na Karati akageuka kuangalia kama kuna mtu wa kijiwe kingine aliyelisikia.

— Ni A, Dokta alinong'ona.

— Nyamaza, Dokta. Mwalimu, hebu rudia swali.