Mzee Mawe Anavuka Bonde

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimamia uchumaji wa zabibu upande wa jua wa bonde letu, mwenzetu tuliyezoea kumwita Mzee Mawe anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu, siku ambayo kapu la mwisho la upande wetu litateremshwa.

Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza. Huku kwetu, kama mjuavyo, ardhi ni mawe matupu yanayokunywa joto mchana kutwa na kulitoa jioni, ndiyo maana zabibu zetu huwahi kuiva. Yeye akaona ni jiko la bure, akaweka kopo lake la chakula juu ya mawe lipate moto. Timu nzima ikamwiga, na wiki hiyohiyo timu nzima ikashikwa na tumbo.

Mwaka mvua zilipowahi, aliwaita hata karani na mpishi, tukachuma mteremko wote kabla ya tone la kwanza. Mavuno yalipona, migongo yetu haikupona.

Lakini moyo wake siku zote ulikuwa ng'ambo ya bonde. Kule upande wa kivuli mlima huziba jua la asubuhi, ukungu hukawia kuondoka, na zabibu huiva zetu zikishakwisha. Msimamizi wa kule ni mkewe. Sisi tukienda likizo, wao ndio kwanza wanashika mikasi. Wao wakipumzika, sisi tunapogoa. Mzee na mkewe wamelea watoto watatu kwa kupokezana, na hawajawahi kupata likizo pamoja. Mliomwona jioni akitazama ng'ambo mkadhani anapima upepo, sasa mjue: alikuwa akimtafuta mkewe kwa macho.

Uongozi ulipomuuliza anataka zawadi gani, tulitegemea aseme kiti cha kupumzikia. Ameomba kibarua cha kuchuma zabibu upande wa kivuli, chini ya mkewe, ambaye bado ana misimu minne kabla ya kustaafu. Mama amekubali kwa masharti: “Kwangu hakuna cha mume. Aje mapema, na mambo yake ya kuanika chakula ayaache hukohuko.” Waliokuwepo wanasema kisha aligeuka, akafuta macho kwa glavu.

Mzee wetu, asante kwa yote. Kule ni baridi. Ile sweta aliyokufumia mama mwaka mliooana, ambayo huku hukuwahi kuihitaji, itoe sandukuni. Tunakutakia asubuhi nyingi za ukungu, wewe na mama, katika mstari mmoja wa mizabibu.