Dkt. Jerusha Chebet Owuor: Mtafiti Aliyekataa Kujipa Dawa Yake

Kabla udongo haujamfunika, familia inaomba muda kidogo ili mumsikie Jerusha jinsi alivyokuwa.

Jerusha Chebet alizaliwa tarehe 9 Machi 1983 karibu na Kapsabet, nchini Kenya, akiwa kifungua mimba wa Bi. Salina na marehemu Mzee Arap Sang. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama yake anasema alimaliza kuuliza juu ya kuku, akaingia kwa ng'ombe, na hakuna aliyepona.

Alisomea shule ya msingi ya kijijini, kisha Shule ya Upili ya Wasichana ya Kapsabet. Akiwa kidato cha tatu, baba yake alianguka kutoka kwenye lori la majani chai, akavunjika muundi. Madaktari walimpandikiza mfupa, lakini viini vya maradhi vikaingia. Likizo nzima Jerusha ndiye aliyemwosha kidonda. Dawa ziliua viini, ila uvimbe haukutulia, na mfupa mpya ukaliwa na mwili wenyewe. Mguu ukakatwa. "Kama viini vimekufa, mwili unapigana na nani?" alimuuliza daktari. Daktari alimjibu kwa upole kwamba hajui.

Swali hilo lilimpeleka Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, alikohitimu biokemia mwaka 2007. Mwaka 2012 likamleta hapa Sydney kwa shahada ya uzamivu, na baadaye akaajiriwa kama mtafiti. Kazi yake ilihusu peptidi, vipande vidogo vya protini ambavyo mwili hutengeneza kuua viini. Jerusha alitaka kujua peptidi hizo zinazifanya nini seli za kinga baada ya mfupa kupandikizwa. Aliona kwamba kwa kiasi kinachofaa, seli zilizofika zikiwa na hasira hutulia na kuanza kuusaidia mfupa kushika. Kiasi kikizidi, seli nazo hufa pamoja na viini.

Maxwell Owuor, muuguzi, alikutana naye kwenye chakula cha baada ya ibada kule Rooty Hill, kitongoji cha jiji hili. Alimuuliza anafanya kazi gani.

"Natuliza hasira," akajibu.

"Za nani?"

"Za seli. Za wanaume sijajaribu."

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2015 na kufanya makao Quakers Hill. Krismasi yao ya kwanza wageni walikaa mezani wakimsubiri bibi harusi, kumbe amekwenda maabara. Aliporudi akasema tu, "Seli hazijui Krismasi," akanawa mikono, akasonga ugali. Mwaka 2017 Mungu aliwajalia binti, Shirleen.

Februari 2024 paja la kushoto lilianza kumuuma. Ilikuwa saratani ya mfupa. Alitibiwa kwa kemo, dawa kali zinazoua saratani na kinga ya mwili pamoja, kipande kilichougua kikaondolewa, akapandikizwa mfupa mwingine. Shirleen alimchorea maua kwenye bandeji. Kwa muda tuliamini amepona. Halafu kidonda kikafunguka, na viini vilivyokuwemo havikusikia dawa yoyote.

Maxwell alishika ukingo wa kitanda. "Jerusha, dawa yako iko kwenye friji kazini kwako. Miaka yote hii umeihangaikia. Nakuomba."

"Max, imefaulu kwa panya tu. Kondoo tuliowazidishia kidogo tu walipoteza kinga yote. Yangu imeshakwisha kwa kemo."

"Na usipoitumia?"

"Nikijidunga nikafa, kazi itafungwa. Kuna baba wa mtu huko anaisubiri."

"Na mimi je? Na Shirleen?"

Hapo Jerusha alilia. Maxwell anataka ijulikane kwamba alilia, kwa sababu watu wamemsifu mno kwa ujasiri, na yeye alimwona akiogopa. Alitaka kuishi. Aliyasema hayo kwa sauti, tena na tena.

Wanafunzi wake, wakiongozwa na Généreuse Wilondja, waliomba kibali maalumu dawa itumike kwake. Jopo la madaktari likamuuliza yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeijua kumzidi. Généreuse alikuwa chumbani. Anasema Jerusha alimtazama Maxwell kwanza, kisha akawajibu: "Ushahidi nilio nao hautoshi kumtibu mtu." Kibali hakikutoka. Maxwell alitoka nje, akakaa sakafuni kwenye korido, na siku ile hakuweza kurudi ndani.

Alirudi kesho yake. Hawakulizungumzia tena. Alimpaka mafuta miguuni, akamsuka nywele chache zilizokuwa zimeota. Mguu ulikatwa mwezi Julai 2025, lakini viini vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, Jerusha aliomba dirisha lifunguliwe. Maxwell alipogeuka kutoka dirishani, alikuwa ameshatuacha.

Ameacha mume wake, Maxwell. Binti yao, Shirleen. Mama yake, Bi. Salina, aliyekosa viza na anatufuata kwa simu kutoka Kapsabet. Mdogo wake, Wesley, anayesoma haya. Wakwe zake wa Siaya, na wanafunzi waliomwita dada.

Mungu ampe Jerusha pumziko ambalo mwili wake ulinyimwa. Sisi bado hatujui tutaishije bila yeye.