Mkono Utosini

Akina mama wenzangu, haya niliyasikia kwenye basi. Msichana wa chuo alimwambia muuguzi aliyekaa naye kwamba anatafiti brekidansi, ile ya kuzunguka kwa kichwa. "Ndiyo miguu ya hip-hop, dada. Bila hiyo inabaki midomo tu."

Muuguzi akacheka. "Miguu gani inasimama kwa shingo? Hizo shingo zikivunjika nazivisha kola za hospitali mimi!"

"Wewe unawaona walioumia tu."

"Na wewe wachezaji hao unawatambuaje? Wana vyeti?"

"Nawapapasa utosi. Nywele zimelika, pana nundu."

Nikajifanya natazama dirishani. Binti yangu ana wiki tatu havui kilemba, hata ndani.

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana. Kituo kilikuwa changu pia, lakini nilibaki kitini nikiwaza nitampapasaje binti yangu utosi.