Bati la Baba Njoki

Bwana asifiwe, watu wa Thika! Bwana asifiwe tena, kwa sababu wengine mmeitikia kama mnalazimishwa.

Mimi naitwa Mama Njoki. Ni mjane, na ni mwalimu wa nasari katika kanisa letu kule Gatongora, Ruiru. Mchungaji wenu amenialika nitoe ushuhuda, na nitautoa. Lakini mnivumilie, nimekasirika kidogo. Nimeingia hapa adhuhuri, jua linachoma huko nje, na ninyi taa zenu zote zinawaka. Ngai! Haya, tutarudi hapo.

Ndugu zangu, kanisa letu lilianza likiwa la mabati. Siku ya harambee kila familia ilileta bati lake, na kabla fundi hajalipandisha tuliandika jina la familia upande wa chini kwa rangi nyekundu, ili ukiketi ibadani na kuinua macho uwaone watu wako. Baba Njoki, mume wangu, aliandika letu kwa mkono wake. Herufi kubwa, zimelala upande mmoja. Alikuwa na mwandiko mbaya, Mungu amrehemu.

Baadaye tukaanza kujenga kanisa la mawe. Na mnajua vile tunajenga sisi: hatubomoi la zamani. Tunazungusha ukuta wa mawe nje, tunaendelea kuabudu ndani ya mabati, na siku tukimaliza ndipo tunatoa mabati. Ni mpango mzuri, kama unamaliza! Sisi ukuta ulipanda, ukaziba madirisha yote, ukafika juu ya milango, kisha ukasimama. Pesa ziliisha.

Basi tukaabudu gizani. Nje mbwa wanatafuta kivuli kwa sababu ya jua, na sisi ndani tumewasha taa kila kona. Joto nalo likazidi, tukanunua feni. Feni zikala stima, stima ikala sadaka ya ujenzi, ukuta ukabaki pale pale, na giza likabaki kwa sababu ya ukuta. Nililiona hilo, nikalisema, nikaambiwa, "Mwalimu, wewe shughulika na watoto."

Watoto! Hao ndio walionipa uchungu. Mama zao wanaondoka asubuhi kwenda kufua nguo mtaa wa Kahawa Sukari, wengine vibarua vya mjengo, na hawana mahali pengine pa kuwaacha. Tokeni za stima zikiisha katikati ya somo, kunakuwa giza, watoto wanapiga kelele, na wadogo wananishika rinda pande zote hata siwezi kupiga hatua. Jamani, mchana!

Kamati ilifanya nini? Iliitisha mfungo. Ndiyo, tulifunga, tukasimama, tukakemea pepo anayekula stima ya kanisa. Mwenyekiti wa ujenzi, Mzee Gachanja, aliyeketi pale nyuma, yeye amenisindikiza leo na anajua nitamtaja, ndiye aliyeongoza. Alikemea kwa nguvu mpaka maiki ikazima. Tokeni zilikuwa zimeisha. Mzee, usiinamishe kichwa, ni kweli!

Ndipo akaja afisa wa afya. Akachungulia ndani, akawasha tochi ya simu, akawamulika watoto wangu mmoja mmoja. Akasema, "Mwalimu, hapa si mahali pa watoto. Nitarudi wiki ya kufunga muhula. Nikikuta bado hivi, naifunga nasari." Nikaenda nyumbani na sikuweza kula. Niliwaza tu wale akina mama. Yule wa kufua atamweka mtoto wapi? Atamfungia ndani ya nyumba na ndoo ya maji?

Msaada ulitoka mahali ambapo sikutazamia. Kuna jirani yangu anaitwa Mama Zuhura, Mwislamu, anauza maharagwe ya kuchemsha, na mjukuu wake yuko nasari kwangu. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani nyinyi paa yenu ni ya dhahabu, haitobolewi?" Akaniambia msikitini kwao kulikuja watu wanaosaidia nyumba za ibada kupunguza stima. Hawaulizi wewe ni wa dini gani. Akawapigia simu mbele yangu.

Wakaja, mama mmoja na kijana mmoja. Hawakukaa sana. Wakaangalia juu wakasema, toeni baadhi ya mabati, wekeni yale ya plastiki nyeupe yanayopitisha mwanga. Inueni paa kidogo pale katikati, joto litoke. Badilisheni balbu. Mkifanya hayo tutawasaidia kupata sola, mtalipa polepole kwa kile mnachookoa. "Lakini hatuleti sola ya kuwasha taa mchana," yule mama akasema. Nilitaka kumkumbatia!

Ndugu zangu, nilidhani tumepona. Tukaita mkutano. Wote wakasema amina, mwanga uje. Nikauliza, tuanze na bati la nani? Mmoja akasema lao ni la marehemu baba. Mwingine akasema lao lilinunuliwa kwa pesa za ng'ombe aliyeuzwa. Mzee Gachanja akasimama, akanyoosha kidole juu ya kiti chake, akasema, "Bati ya mama yangu haitoki. Toeni za wengine." Na kila mtu alikuwa na wengine wake! Tukafunga kwa maombi, taa zote zikiwaka.

Nilibaki peke yangu kwenye benchi la watoto. Nikamwambia Mungu, bila adabu, "Bwana, nimechoka na watu wako! Nipe mtu mmoja tu, mmoja, akubali." Na nikiwa bado nanung'unika likanijia moyoni, wazi kabisa: Si wewe una bati?

Nililia, ndugu zangu. Kila Jumapili tangu nimzike mume wangu nilikuwa nakaa chini ya lile bati. Nikiinua macho nilihisi yuko pale. Mungu alinigusa mahali hapo hasa, na nilimkasirikia.

Asubuhi nilimwita fundi. Mchungaji wetu akasema, "Mama Njoki, una hakika?" Nikamwambia sina, lakini apande kabla sijabadilisha mawazo. Misumari ilikuwa imeshika kutu, bati likalia likitoka, na mimi nikawa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, mwanga ulikuwa umeshuka mpaka sakafuni. Watoto waliingiza mikono ndani yake na kuitoa, wakaingiza tena, wakicheka. Yule mjukuu wa Mama Zuhura akalala chali katikati ya mwanga kama amelala kitandani.

Mzee Gachanja akafika mbio, fimbo mkononi, ameambiwa paa linabomolewa. Akaanza kufoka. Kisha akaangalia juu, akaanza kusoma. Unajua, kwa mwanga ule mabati ya karibu yalisomeka, yale ambayo hatukuwa tumeyasoma tangu ukuta upande, maana taa zetu zilimulika chini tu. Bati lililo juu ya kiti chake, lile alilolipigania mkutanoni mpaka mate yakamtoka, halikuwa la mama yake! Lilikuwa la jirani yake ambaye hawakuwa wamesalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba. La mama yake tulilipata karibu na mlango, limefunikwa na vumbi.

Woiye! Nilitaka kumcheka, lakini nilimwona akisoma jina la mama yake kwa sauti ndogo. Akamwambia fundi, "Toa hii. Na ile ya jirani nitaenda kumwomba mwenyewe." Akaenda, na jirani akakubali. Baada ya hapo watu waligombana tena, safari hii kila mmoja akitaka lake lishuke la kwanza. Watu hawa!

Wiki ya kufunga muhula afisa akarudi. Akasimama mlangoni, akawaona watoto wakichora. Akaniambia, "Vizuri, mwalimu. Sasa zima taa nione." Nikamwambia, "Mkubwa, hakuna taa inayowaka." Akarudi kuangalia juu, akaandika kitu, akaenda zake. Nasari iko wazi mpaka leo, sola iko juu ya paa, na sadaka ya ujenzi inanunua mawe. Utukufu kwa Mungu!

Yale mabati ya zamani tuliezekea jiko la uji. La Baba Njoki liko juu ya sufuria. Watoto wanakunywa uji chini yake, na mimi nasimama hapo nalisoma, herufi zile zimelala upande. Miaka yote nilikuwa nakaa chini ya jina lake gizani, na sikuwa naliona.

Wapendwa, mtumainini Bwana, anajibu. Lakini msingoje aanze na bati la mwenzako. Sasa, wewe ndugu uliyesimama karibu na swichi, nyoosha mkono uzime hizi taa. Zima zote, usiogope. Tukionana, Bwana asifiwe. Tusipoonana, tumejua pa kuanzia.