Mama Zunguka Ashuka Mnarani

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuongoza ndege katika kiwanja chetu kidogo, Mama Zunguka alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alibandikwa na marubani. Wingu likigusa tu kile kilima kilicho mbele ya njia ya kutua, walijua watakachosikia redioni: zunguka, mwanangu, kawia ufike.

Alianza kama karani wa hali ya hewa, akapanda hadi mkuu wa zamu. Nusu yetu ametufundisha yeye. Rubani aliyebamiza magurudumu aliulizwa lami imemkosea nini. Na ndege ikishuka mawinguni, ilikuwa marufuku kutafuna chochote mnarani, hata mkurugenzi na karanga zake, kwa sababu mama alitaka kusikia injini.

Tuliomzoea tunajua chanzo cha tahadhari hiyo. Mumewe, shemeji yetu mcheshi, alirusha ndege ndogo ya mizigo. Asubuhi moja aliondoka hapa, akaagana na mkewe redioni kwa utani wao wa kila siku. Alipokaribia kutua kwenye kiwanja kingine, mvua ilificha njia. Akashuka chini mno akitafuta taa, akagonga miti. Hakuna aliyemwambia azunguke. Tulidhani mama hatarudi tena kazini, kumbe alirudi na kuomba meza ileile, redio ileile. Alisema waziwazi kwamba hapo ndipo alipoisikia sauti ya mumewe mara ya mwisho, na bado anaitamani.

Binti yao naye ni rubani, na hawakuwa wameonana kwa muda mrefu. Siku ya sherehe ya kuagana angekuja na ndege yake, na mama aliomba zamu ya mwisho ili ampokee mwenyewe. Ukungu ukakifunika kilima. Binti alizungushwa mara mbili; mara ya pili tulimsikia akipita juu yetu, karibu kabisa, nasi sote tukiomba aione lami. Mama akamrudisha alikotoka. Binti akanuna redioni. Mama akamsomea upepo wa huko aendako.

Hakuondoka mezani mpaka alipoambiwa binti ametua salama. Ndipo akaja ukumbini, akaketi kando ya kiti kitupu, akala na kucheka nasi huku machozi yakimtoka.

Binti alifika kesho yake kwa basi, keki imeshaisha. Mama alikuwa kituoni tangu asubuhi.

Asante, mama, kwa wote waliofika kwao wamechelewa, lakini wazima. Upumzike kwa heri na afya. Sauti yako tumeshaanza kuitamani.