Bugali Juu ya Pistoni: Mzee Syauswa Anaaga Gereji

Mzee Apollinaire Syauswa aliingia gereji yetu ya huduma ya afya ya misheni, hapa Butembo, mwaka 1974. Tarehe 31 Julai 2003, baada ya miaka ishirini na tisa, anakabidhi funguo na kurudi Kalunguta kulima. Wakubwa wameniomba mimi, Nadège wa depo ya vipuri, niandike machache juu yake. Machache hayamtoshi, ila karatasi nayo ni haba.

Alianza kwa kuosha boliti, akapanda hadi fundi mkuu wa pikipiki. Hasira zake ziko karibu, kicheko kiko karibu zaidi, na ole wako ukiweka kikombe cha chai juu ya meza yake. Husema pistoni, kichwa cha injini na kamu inayosukuma valvu lazima vikubaliane kabla ya kufungiwa nyumba moja.

Vita vilipofunga barabara, vipuri vikaacha kufika. Mzee akawa anajenga injini moja kutoka maiti kadhaa: pistoni ya huku, kichwa cha kule. Ili ajue kama valvu haitagonga pistoni, alitumia chakula chake. Mkewe, Mama Anne-Marie, alimfungia bugali wa muhogo katika jani la mgomba. Mzee alikata kipande kilicholala usiku kucha na kukakamaa, akakiweka juu ya pistoni, akapaka valvu oili, akafunga kichwa na kuizungusha injini kwa mkono. Kisha alifungua na kutazama alama za valvu. Bugali ukibaki mnene, salama. Ukiwa mwembamba, kazi bado.

Mwaka 2001 surua iliingia Mutwanga. Chanjo ilikuwa kwenye friji yetu, watoto walikuwa wanaugua, na hatukuwa na pikipiki hata moja nzima. Dereva wetu Siméon alijua kwamba injini ikifa njiani, wenye silaha wangechukua pikipiki na chanjo ingeharibika juani. Hata yeye mwenyewe tusingekuwa na hakika ya kumwona tena.

Mzee aliunga injini moja kutoka mabaki, akapima, akaridhika, akaweka kile kipande cha bugali pembeni kama ushahidi. Baadaye alibadili kamu, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imelika. Kabla ya kufunga kabisa alitaka kutazama tena alama kwenye kipande kile, lakini kipande hakikuwepo. Fundi mwenzake Maliro alikuwa anatafuna.

“Mais Papa, mi niliwaza ni bugali yenye ilibakia!” Maliro akajitetea.

“Weye Maliro, ulikula motere yangu! Donc, tuanze tena,” Mzee akafoka, maana injini kwake ni motere.

Gereji nzima ilicheka, mpaka Mzee alipoweka kipande kingine, akazungusha injini na kufungua kichwa mara ya pili. Kwa kamu mpya, valvu ilikuwa imeupasua bugali hadi kwenye chuma. Mwenyewe anakiri hadi leo kwamba kama Maliro asingekula, angeziamini zile alama za kwanza, na Siméon angekwama kabla hata ya kufika Beni. Alichonga pistoni kwa tupa, akapima, akachonga tena, na hakukubali kuharakishwa na mtu.

Siméon alifika Mutwanga, barafu ya sanduku la chanjo ikiwa bado haijayeyuka. Aliporudi hakuzima injini. Aliiacha ingurume mlangoni ili Mzee aisikie, na Mzee akageukia ukutani akijifanya anatafuta spana. Sisi tulimwona akilia, na hatukumwambia.

Asante, Mama Anne-Marie, kwa kupika bugali mgumu miaka yote hii. Asante, Maliro, kwa njaa yako. Leo kwenye karamu ule cha sahani yako tu. Na wewe Mzee wetu, mashamba ya Kalunguta yakupokee vizuri, mwili wako upumzike, wajukuu wakuchoshe kidogo. Tunakupenda sana.

Hotuba zikiisha, Siméon ataileta pikipiki ileile mlangoni na kuiwasha. Safari hii, Mzee, usigeukie ukutani.